Mkoba wa dawa haupandi buti

Desemba iliyopita, saa kumi na moja alfajiri, Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis ilifurika kama ilivyo ada ya mwisho wa mwaka. Wachaga walikuwa wanakwenda kuhesabiwa, yaani kurudi kwao Kilimanjaro kwa sikukuu, na sisi Wapare tulijipenyeza katika msafara huohuo, maana njia ni moja. Mama yangu, mwenye kisukari na presha miaka kumi na nne sasa, alishika kibegi cha bluu mkononi. Konda akamwambia, "Bibi, mizigo yote inakaa chini," akakichukua na kukitupia kwenye buti, katikati ya gunia la mchele na jokofu la mtu lililofungwa kwa kamba. Mimi nilikuwa nabishana na mpagazi kuhusu shilingi elfu mbili. Nilipogeuka, mlango wa buti ulishafungwa.

Tulifanikiwa kukitoa Chalinze. Kilikuwa cha moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Ndani yake mlikuwa na vichupa viwili vya insulini, mashine ya kupimia sukari, na vidonge vya presha vya mwezi mzima.

Ndipo basi zima likageuka baraza. Mzee mmoja akasema insulini ikishatoka kwenye friji ni maji tu, tuitupe. Mama aliyekaa nyuma yetu akasema yeye ana presha, na siku ya safari hamezi kidonge chochote, kwa kuwa kitamsumbua kuchimba dawa. Kijana mwingine akashauri kwamba mwenye sukari akisafiri asile kabisa mpaka afike, ndiyo salama. Wote walisema kwa upole na kwa uhakika, na wote walikuwa wamekosea. Nilishuka Same nikiwa na nia ya kuandika haya.

Sugu maana yake nini

Sugu ni ile ngozi ngumu inayoota kiganjani kwa mshika jembe au kisiginoni kwa mtembea peku. Haikuumi kila siku wala haikuzuii kufanya kazi, ila haiondoki. Ugonjwa sugu uko hivyo: unaishi nao, unautunza, na ukiusahau unakukumbusha. Kisukari, shinikizo la juu la damu, pumu, kifafa, selimundu (sikoseli), ugonjwa wa figo, VVU, vyote vimo.

Watu huchanganya neno hili na mengine mawili. La kwanza ni "magonjwa yasiyoambukiza". Mengi ya magonjwa sugu hayaambukizi, lakini si yote. VVU huambukiza, na kwa kuwa mtu anayetumia dawa vizuri anaishi navyo miaka mingi, navyo ni ugonjwa sugu. La pili ni "usugu wa dawa", na hapa mkanganyiko una madhara. Nimewahi kusikia mtu akijitetea kwamba huacha dawa za presha siku mbili tatu ili mwili "usijenge usugu". Usugu wa dawa ni habari ya vimelea: bakteria au virusi vinapojifunza kuishinda dawa iliyokusudiwa kuviua. Kidonge cha presha hakiui kimelea chochote, kwa hiyo hakuna wa kujifunza kukishinda. Ukikiacha, kinachotokea ni presha kupanda. Basi.

Dozi ni nguo ya kupimwa

Mambo mengine yote ya safari yanatokana na jambo hili moja. Daktari alipokuandikia dozi alifanya kazi ya fundi cherehani. Alikupima ukiwa umesimama nyumbani kwako: unaamka saa ngapi, unakula nini na lini, unatembea kiasi gani, unalala kiasi gani, mji wako una joto la namna gani. Nguo ikakukaa. Siku ya safari unaamka saa tisa usiku, chai unaipata saa nne, chakula cha mchana Korogwe saa nane kama gari halijaharibika, unakaa kitako saa nane au kumi na mbili, unakunywa maji nusu ya kawaida yako. Mwili umebadilika umbo, nguo ni ileile. Hapo inakubana au inakupwaya.

Kwa hiyo kujiandaa kwa safari si kuongeza dawa wala kuziacha. Ni kubeba ratiba ya nyumbani kadiri inavyobebeka, na pale isipobebeka, kwenda kwa aliyekupima akushonee upya kabla hujaondoka. Wiki mbili tatu kabla ya safari zinatosha kwa wengi. Anayekwenda kliniki jioni ya kuamkia safari atapewa dawa tu, muda wa kukaa na daktari kupanga ratiba hautakuwapo.

Nadhani chanzo cha wengi kuteleza ni kwamba tumezoea safari kuwa na ruhusa. Msafiri hufupisha swala, hufungua saumu akailipa baadaye. Tumeipanua ruhusa hiyo hadi kwenye vidonge, na vidonge havijapewa. Hata kulipa haviruhusu: ukisahau dozi ya jana, humezi mbili leo ili kufidia.

Sukari ikishuka na sukari ikipanda

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu kisukari ndicho kinachoyumbishwa zaidi na safari na ndicho kinachoshauriwa vibaya zaidi.

Watu wengi wanaogopa sukari kupanda. Njiani, kwa saa chache za safari, hatari ya haraka mara nyingi ni kushuka. Sukari hushuka pale dawa inapofanya kazi na chakula hakijaja. Lakini si kila dawa ya kisukari hufanya hivyo. Insulini inaweza kukushusha, na vidonge vinavyosukuma kongosho litoe insulini zaidi, kama glibenklamidi na glimepiridi, vinaweza vilevile. Metformini ikitumika peke yake ni nadra kukushusha hivyo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa daktari wako ni: "Hizi ninazotumia, zinaweza kunishusha?" Wako watu wametumia vidonge miaka kumi hawajui jibu lake.

Sasa rudi kwa yule kijana aliyesema mwenye sukari asile mpaka afike. Mtu akijidunga insulini saa kumi alfajiri halafu akafunga mpaka Korogwe, dawa inatafuta sukari ya kuishusha na inaikuta ileile ndogo iliyo kwenye damu. Ataanza kutoka jasho, mikono itatetemeka, moyo utakwenda mbio, njaa itamshika, kisha ataanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Abiria wa jirani watasema amelewa. Ni kosa linalojirudia sana, na ndilo linalofanya mtu aachwe alale wakati anahitaji sukari.

Mashine zetu nyingi husoma kwa milimoli, na namba ikiwa chini ya 3.9 ni kushuka. Kwa zinazosoma kwa miligramu ni chini ya 70. Tiba yake ni gramu 15 za sukari ya haraka. Kwa vipimo vya jikoni ni vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari katika maji, au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300, soda ya kawaida, si ile iliyoandikwa haina sukari. Subiri dakika 15, pima tena, na kama bado iko chini rudia. Ikipanda, ule chakula cha kushibisha, kwa kuwa soda hupita upesi. Mtu aliyepoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa; huyo ni wa hospitali, tena haraka.

Hivyo mwenye kisukari anapanda basi na chakula chake. Mama hubeba mayai mawili ya kuchemsha, chapati moja, ndizi mbili na soda moja ambayo hainywi. Hiyo soda ina kazi maalumu, na wajukuu wanajua haiombwi. Kuhusu sindano ya chakula, yaani insulini inayodungwa karibu na mlo, kanuni yake safarini ni kwamba huidungi kwa kutegemea maneno ya dereva. "Dakika kumi tunafika" ya barabarani inaweza kuwa saa moja na nusu ya foleni ya malori. Jadili na daktari wako ni muda gani inaruhusiwa kusubiri hadi sahani iwe mbele yako, kwa kuwa aina za insulini zinatofautiana kasi.

Na lile la friji? Mzee wa basini hakuwa mbali sana na ukweli, ila aliuzidisha. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ile unayoitumia sasa inaweza kukaa nje kwa takribani wiki nne, mradi joto lisivuke nyuzi 25 au 30 kulingana na aina. Karatasi iliyomo kwenye boksi inasema. Saa chache nje ya friji haziiharibu. Buti la basi karibu na injini ni jambo jingine, na dashibodi ya gari juani pia. Baridi kali nayo ni adui: insulini ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka, kwa hiyo usiilaze juu ya barafu wala kwenye kona ya friji inayogandisha. Wanaoitupia kwenye boksi la samaki wa Feri lenye barafu wanadhani wanaitunza, kumbe wanaimaliza.

Njia ya kuipoza njiani tunayo nyumbani siku zote: mtungi. Maji yanayopenya kwenye udongo yanakauka kwa nje, na yakikauka yanaondoka na joto. Kitambaa kibichi kilichofungwa juu ya kopo lenye vichupa, kikapata kivuli na upepo, kinafanya kazi hiyohiyo. Kinafanya vizuri zaidi Dodoma kuliko Dar es Salaam, kwa kuwa hewa yetu ya pwani imeshajaa unyevunyevu na maji hayana haraka ya kukauka. Kwa mji wetu, chupa ya chai yenye mdomo mpana iliyosuuzwa kwa maji ya baridi, vichupa vikiwa ndani ya mfuko mkavu, inasaidia zaidi.

Vile vichupa vya mama tuliviangalia. Insulini yake ni ile ya mchanganyiko, ambayo kwa kawaida ni nyeupe kama maji ya mchele na hubiringishwa viganjani kabla ya kuvutwa. Ukiona mabonge, au utando mweupe ulioganda kwenye ukuta wa kichupa, tupa. Zile zinazotakiwa kuwa angavu kama maji zikipata ukungu, tupa pia. Vya mama havikuonyesha dosari, lakini macho hayaoni kila kitu. Kwa siku tatu tulipima sukari mara nne kwa siku, tukaona namba zinapanda bila sababu, tukanunua vingine Moshi mjini.

Kuchimba dawa

Kwa msomaji asiyesafiri na mabasi ya Tanzania: kuchimba dawa ni kushuka kichakani kujisaidia. Ni lugha ya kuficha aibu, wala hakuna dawa inayochimbwa. Ila hofu ya kuchimba dawa ndiyo inayowafanya watu waache dawa.

Yule mama wa nyuma alikuwa na hoja nusu. Kati ya vidonge vya presha, kimoja mara nyingi ni cha kukojoza: kinapunguza maji na chumvi mwilini. Vingine, kama amlodipini, si vya kukojoza. Yeye alikuwa anaacha vyote. Kuna vidonge, kama atenololi na propranololi, ambavyo kuviacha ghafla kunaweza kufanya moyo ukimbie na presha iruke juu kuliko ilivyokuwa kabla ya kuanza dawa, jambo baya zaidi kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Kwa hiyo mwombe daktari au mfamasia akuonyeshe kwa kidole kipi ni cha kukojoza, na kama hicho kimoja unaweza kukisogeza hadi ukifika. Wengi huruhusiwa. Wenye moyo uliochoka, wanaovimba miguu na kubanwa pumzi wakilala, wasijiamulie.

Kutokunywa maji ili usisumbue dereva ni kosa la pili. Mwenye selimundu akikaukiwa anaalika maumivu. Mwenye kisukari ambaye sukari iko juu anakojoa sana na kukauka zaidi. Kunywa kidogokidogo, ukae kiti cha upande wa njia, umwambie konda mapema, kabla hujabanwa, kwamba wewe ni mgonjwa na utahitaji kushuka. Makonda wengi wana mama zao, wanaelewa. Anayekwenda Morogoro au Dodoma ana nafuu tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024: choo kipo, unatembea, begi liko juu ya kichwa chako. (Wanaosafisha damu kwa mashine wana kipimo chao cha maji. Ushauri huu hauwahusu.)

Kukaa muda mrefu bila kusogea kuna jambo lake. Kuanzia saa nne hivi na kuendelea, damu ya miguuni inatembea polepole na inaweza kuganda. Hatari ni ndogo kwa mtu mzima wa afya, inaongezeka kwa mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye saratani, mwenye uzito mkubwa, au aliyewahi kuganda damu. Kanyaga na kuachia nyayo kama unayeshona kwa cherehani ya mguu. Basi likisimama, shuka utembee, usibaki kuchagua korosho dirishani.

Ndege ni mlima

Kuna imani kwamba mwenye presha haruhusiwi kupanda ndege. Presha iliyodhibitiwa haimzuii mtu. Wa kuomba ruhusa ya daktari kwanza ni aliyepata kiharusi au shambulio la moyo majuzi, anayebanwa pumzi akiwa amekaa, aliyetoka kupasuliwa.

Watu hawaambiwi kwamba hewa ya ndani ya ndege si hewa ya Dar es Salaam. Inabanwa kufikia kiwango cha mlimani, kati ya mita 1,800 na 2,400 juu ya usawa wa bahari. Ni kama umehamishiwa Njombe kwa saa kadhaa. Mapafu mazima hayatambui. Mwenye mapafu yaliyochoka, au mwenye selimundu aliyetoka kwenye maumivu wiki iliyopita, anaweza kutambua. Na hapo utaona kwamba onyo hili halihusu ndege peke yake: anayetoka Temeke kwenda Njombe au Mbeya mwezi wa Juni anapanda mlima huohuo kwa basi, na anakuta baridi ambayo hakuifungia sweta. Baridi, ukavu na hewa nyepesi ndivyo vichokozi vya selimundu. Nguo nzito, maji, dawa za maumivu karibu. Tofautisha lakini mgonjwa wa selimundu na mbebaji wa kinasaba kimoja: mbebaji kwa kawaida hana shida na ndege.

Mwenye pumu anahitaji neno moja tu: pampu ya kuvuta dawa iwe mfukoni. Isiwe kwenye begi la juu, wala kwa mume aliyekaa viti vya nyuma. Mwenye kifafa alinde usingizi kuliko kitu chochote, maana kukesha ni kichokozi kikubwa cha degedege. Tangu mabasi ya usiku yarudishwe mwaka 2023 wengi wanayapenda kwa kuokoa siku. Kwa mwenye kifafa, basi la mchana ni bora.

"Nitanunua hukohuko"

Hii ndiyo sentensi inayoniudhi. Dar es Salaam imetudanganya: famasi kila kona, nyingine zinafungwa saa sita usiku. Ukitoka, elewa tofauti. Famasi ina mfamasia na inaruhusiwa kuuza dawa nyingi. Duka la Dawa Muhimu, lile dogo unalolikuta kijijini, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, lina orodha fupi ya dawa linazoruhusiwa kuuza. Ukiingia na jina la insulini yako hapo, mwuzaji atakuangalia kwa huruma. Zahanati ya kijiji nayo mara nyingi haina dawa za kisukari za aina yako.

Beba dawa za siku zote za safari na wiki moja juu yake. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Lindi eneo la Somanga, wasafiri walikwama. Hakuna aliyekuwa amepanga kukwama.

Dawa zibaki kwenye maboksi yake. Ukizimimina zote kwenye mfuko mmoja wa nailoni, ukizimia hakuna nesi atakayejua kidonge cheupe ni kipi. Andika jina la dawa yenyewe, si la kampuni tu: jina la kampuni linalofahamika Kariakoo huenda halijulikani Bukoba, lakini jina la dawa linajulikana kokote, hata Bombay. Na "moja kutwa mara mbili" maana yake ni kila baada ya saa 12, siyo "asubuhi nikikumbuka na jioni nikifika".

Kwa anayetumia ARV, yaani dawa za VVU, waambie CTC yako, kliniki ya matunzo na tiba, tarehe za safari, wakupe za kutosha. Walio imara kwa kawaida hupewa za miezi kadhaa. Zikikuishia, nenda na kadi kwenye CTC iliyo karibu nawe, hata kama si ya kwako. Ninajua kinachowatesa watu Krismasi si usahaulifu, ni chupa. Inalia kama kayamba kila ukifungua begi, na nyumba imejaa mashangazi. Pamba kidogo ndani ya chupa inaimaliza hiyo sauti. Mengine ni kati yako na shangazi.

Mwenye figo anayesafishwa damu hawezi kuondoka kabla hajapata kitanda anakokwenda. Huduma ipo Dodoma kwenye Hospitali ya Benjamin Mkapa, Moshi KCMC, Mwanza Bugando, lakini mashine zina foleni, na watataka majibu ya karibuni ya homa ya ini na VVU pamoja na muhtasari kutoka kituo chako. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa kabla.

Ukivuka mpaka

Uwanja wa ndege kuna kanuni ya vimiminika vya mililita 100. Dawa unayoihitaji safarini haibanwi na kanuni hiyo, ila uionyeshe mwenyewe, ikiwa na cheti na barua ya daktari yenye jina lililo kwenye pasipoti yako. Insulini isiende na mizigo ya chini: kule inaweza kuganda.

Kisha tazama sheria ya unakokwenda. Tramadoli inadhibitiwa vikali Falme za Kiarabu na Misri. Kodeini na fenobarbitoni, ambayo kwetu ni dawa ya kifafa ya kawaida, zinaweza kukuletea maswali. Uliza ubalozi, usiulize aliyekwenda Dubai mwaka juzi.

Chanjo ya homa ya manjano ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo haifai kwa mwenye kinga iliyoshuka sana. Huyo hupewa hati ya kusamehewa, hafichi ugonjwa wake. Aliyekwisha kuchanja hana haja ya kurudia kila miaka kumi: tangu Julai 2016 kadi inakubalika maisha yote. Anayekwenda Hija achanje ya homa ya uti wa mgongo angalau siku kumi kabla, na kama ana kisukari asitembee peku kwenye sakafu iliyochomwa na jua. Miguu iliyopoteza hisia huungua mwenyewe asijue.

Saa nazo hucheza. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayemeza kidonge saa mbili usiku, akifika Guangzhou saa hiyo ni saa saba usiku, na simu itakuwa imejibadilisha bila kumwuliza. Kwa kidonge cha mara moja kwa siku, kukisogeza kidogokidogo kwa kawaida si tatizo. Kwa insulini ni hesabu nyingine: ukienda mashariki siku inafupika na sindano zinakaribiana, ukienda magharibi inarefuka. Ifanyeni na daktari kwa maandishi. Saa ya mkononi iache isome saa za Dar mpaka utakapotua.

Kuhusu bima ya safari, nyingi huweka kando "ugonjwa uliokuwapo kabla". Ukisema huna presha ili ulipe kidogo, siku ya kiharusi watasoma faili lako. Taja, lipa zaidi, ulale.

Mama alirudi Januari. Kibegi cha bluu kilikaa mapajani safari nzima, na konda alipokinyooshea mkono hakupewa. Mfuko wake wa mbele sasa una karatasi iliyofunikwa kwa plastiki, aliyoiamuru mwenyewe na mjukuu akaiandika kwa herufi kubwa: jina, umri, namba mbili za simu, dawa nne na saa zake, hospitali anakotibiwa. Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu: "Nina kisukari. Ukiniona kama nimelewa, sijalewa. Kama naweza kumeza, nipe soda iliyomo humu. Kama siwezi, nipeleke hospitali."